Karavani si kitega uchumi: Mnunuzi wa kwanza aanze na daftari

Wiki hii ukurasa huu unaweka kando bei za korosho na kahawa na kuingia katika soko ambalo wasomaji wengi hulisikia kwa ndugu zao walioko Marekani. Ni soko la karavani, yaani nyumba ya magurudumu isiyo na injini, ambayo hufungwa nyuma ya gari na kukokotwa hadi mahali pa mapumziko. Ndani mna kitanda, jiko, friji, choo na bafu. Chini mna ekseli moja au mbili, na mbele kuna mitungi ya gesi na mkono wa chuma wa kuunganishia na gari.

Sababu ya kulijadili soko hili ni fedha. Karavani mpya ya ukubwa wa kati huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola, na mara nyingi hununuliwa kwa mkopo wa miaka 10 au 15. Kwa Mtanzania au Mkenya anayefanya kazi Texas, Ohio au Minnesota, fedha hiyo ndiyo hiyo hiyo ambayo ingenunua kiwanja, ingemalizia nyumba ya wazazi au ingeongeza mtaji wa duka la nyumbani. Wauzaji wanalijua hilo, na ndiyo maana humwambia mteja kwamba "anawekeza".

Maoni ya safu hii ni kwamba neno hilo halifai. Karavani ni matumizi, kama zilivyo likizo na harusi. Hakuna ubaya wowote kwa mtu kutumia jasho lake kupumzika na watoto wake kando ya ziwa. Ubaya ni kununua matumizi kwa hesabu za kitega uchumi. Mali bila daftari huisha bila habari, na karavani ni mali inayoisha upesi kuliko nyingi.

Basi ushauri wetu kwa anayenunua kwa mara ya kwanza ni mmoja: kabla ya kuwa na funguo, awe na daftari. Humo aandike fedha, uzito, umri wa matairi na mahali maji yanapopita. Mengine yote atajifunza akiwa safarini.

SOKO LINALOPANDA NA KUSHUKA

Sehemu kubwa ya karavani za Marekani hutengenezwa katika eneo moja dogo, wilaya ya Elkhart na jirani zake, kaskazini mwa jimbo la Indiana. Kampuni mbili ndizo zenye nguvu zaidi. Ya kwanza ni Thor Industries, inayomiliki majina kama Airstream, Keystone na Jayco, na hisa zake huuzwa katika soko la New York. Ya pili ni Forest River, iliyonunuliwa mwaka 2005 na Berkshire Hathaway, kampuni ya tajiri Warren Buffett.

Biashara hii ni kipimo kizuri cha hali ya uchumi, kwa sababu karavani ni kitu cha kwanza ambacho mwananchi huacha kununua mfuko unapobana. Mwaka 2006 viwanda vilipeleka sokoni karavani na magari ya kulala ya aina zote yapatayo 390,000. Mwaka 2009, baada ya mabenki kuyumba, idadi ilianguka hadi kiasi cha 165,000. Elkhart ilikaribia kuwa na watu 20 wasio na kazi katika kila 100 wa nguvukazi yake, na Rais Barack Obama alikwenda huko Februari 2009, wiki chache tu baada ya kuapishwa.

Kisha likaja janga la UVIKO-19. Hoteli na ndege zikaogopwa, na kila mwenye gari kubwa akataka nyumba ya kukokota. Mwaka 2021 viwanda viliweka rekodi ya zaidi ya vyombo 600,000. Mwaka 2022 vilishuka hadi 493,000 hivi, na mwaka 2023 hadi 313,000 hivi. Yaani katika miaka miwili soko lilikatika karibu nusu.

Mnunuzi wa mara ya kwanza ana mambo mawili ya kuyachukua katika takwimu hizo. La kwanza, aliyenunua mwaka 2021 alinunua kileleni, na baadhi ya karavani hizo sasa zinauzwa na wenyewe waliochoka kuzilipia. Hapo mwenye fedha taslimu ana nguvu ya kupatana. La pili, kiwanda kinapokimbizana na oda, ndipo misumari na gundi huwekwa kwa haraka. Karavani iliyotoka wakati wa msukumo mkubwa ikaguliwe mara mbili.

Na kama kuna msomaji anayetaka faida katika sekta hii, atazame alichonunua Buffett. Alinunua kiwanda, hakununua karavani. Hata hivyo, aliyesoma takwimu za hapo juu ataona kwamba hisa za viwanda hivyo nazo haziwezi kuwa za mtu mwenye moyo mwepesi.

HESABU YA MKOPO

Tuchukue mfano. Mtu ananunua karavani ya dola 30,000. Anatanguliza dola 3,000 na kukopa 27,000 kwa riba ya asilimia 9 kwa mwaka, muda wa miaka 15. Kila mwezi atalipa dola 274 hivi. Muuzaji atamwonyesha tarakimu hiyo tu, kwa sababu haitishi.

Daftari litamwonyesha zaidi. Kwa miaka 15 atakuwa amelipa takriban dola 49,300, na kati ya hizo dola 22,300 ni riba. Baada ya miaka mitatu atakuwa amekwisha kulipa karibu dola 9,900, lakini deni litakuwa limepungua hadi dola 24,000 tu. Wakati huo huo karavani inachakaa. Tukisema imepoteza asilimia 35 ya thamani katika miaka hiyo mitatu, jambo ambalo si la ajabu kwa karavani mpya, itauzika kwa dola 19,500. Akitaka kuachana nayo itambidi atoe mfukoni dola 4,500 nyingine ndipo awe huru.

Huko ndiko kunakoitwa kuzama chini ya deni. Mtu anamiliki kitu ambacho hawezi hata kukiuza.

Dawa yake ni rahisi kuielewa na ngumu kuifuata. Nunua iliyotumika miaka mitatu hadi mitano, ambayo mwenyewe wa kwanza amekwisha kuubeba uchakavu mkubwa. Kama ni lazima kukopa, kopa kwa miaka michache, hata kama karavani itakuwa ndogo. Na kabla ya kukubali mkopo wa muuzaji, pita kwanza katika chama chako cha akiba na mikopo. Vyama hivyo vipo Marekani kama vilivyopo kwetu, na mara nyingi riba yao huwa na huruma zaidi.

HESABU YA USIKU MMOJA

Hesabu ya pili ni ya matumizi. Kwa mfano wetu ule ule, mkopo kwa mwaka ni dola 3,288. Tuongeze bima, maegesho, matairi na matengenezo, na tuyakadirie kuwa dola 1,800. Jumla ni dola 5,088.

Familia ikilala humo usiku 20 kwa mwaka, kila usiku unagharimu dola 254. Hapo hatujahesabu mafuta ya gari, ambalo hunywa sana likiwa linakokota, wala ada ya kiwanja cha kupumzikia. Kwa fedha hizo familia ingelala katika hoteli nzuri na kutandikiwa kitanda. Ikilala humo usiku 60, gharama inashuka hadi dola 85, na hapo karavani inaanza kuwa na maana, hasa kwa familia kubwa inayojipikia.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mnunuzi si "unaweza kulipa kwa mwezi?" bali ni "una siku ngapi za likizo?" Mtu mwenye kazi mbili na likizo ya wiki moja hana haja ya kumiliki karavani. Akodi mara moja au mbili kwanza. Kodi hiyo aihesabu kama ada ya shule, kwa kuwa itamfundisha kama mke, mume na watoto wanaipenda kweli au waliipenda picha.

Gharama ya maegesho wengi huisahau. Miji mingi ya Marekani na vyama vya wenye nyumba hukataza kuegesha karavani mbele ya nyumba kwa muda mrefu. Asiye na uwanja wa kwake hulipia mahali pa kuiweka kila mwezi, iwe inatumika au haitumiki.

UZITO: HAPA NDIPO WENGI HUKWAMA

Mfanyabiashara aliyewahi kupitisha lori kwenye mizani ya Vigwaza anajua kwamba mzigo haujadiliani na mtu. Ukizidi, umezidi. Barabarani Marekani, kwa kawaida karavani ya familia haisimamishwi mizani. Hakuna askari atakayemwambia mwenyewe kwamba amezidisha, kwa hiyo ni lazima ajipime mwenyewe. Vituo vikubwa vya mafuta vinavyohudumia malori vina mizani, na malipo yake ni madogo.

Muuzaji hutaja uzito wa karavani ikiwa tupu. Hakuna anayesafiri na karavani tupu. Tangi la maji safi la lita 150 peke yake ni kilo 150. Ongeza mitungi ya gesi, betri, sufuria, vyakula, nguo, viti na baiskeli za watoto. Tarakimu ya kuandika katika daftari ni ile ya juu kabisa iliyoruhusiwa na kiwanda, iliyobandikwa kwenye ubavu wa karavani. Ukihesabu kwa hiyo, hutashtukizwa.

Hesabu inayowapita wengi ni ya gari la kuvuta. Tangazo litasema gari lina uwezo wa kuvuta kilo 4,500, na mnunuzi ataona karavani ya kilo 3,000 ni mchezo. Lakini karavani haivutwi tu, hulalia gari pia. Sehemu ya uzito wake hukaa juu ya kiungio cha nyuma ya gari, na kwa usalama sehemu hiyo yapasa kuwa kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote. Tuuite uzito wa shingo. Kwa karavani ya kilo 3,000, uzito wa shingo ni kilo 300 hadi 450.

Sasa fungua mlango wa dereva. Kwenye fremu kuna kibandiko kinachosema watu na mizigo ndani ya gari kwa pamoja wasizidi uzito fulani. Tuseme ni kilo 700. Watu wanne, kilo 280. Vifaa na mizigo nyuma ya pikapu, kilo 100. Uzito wa shingo, kilo 400. Jumla ni 780. Gari limekwisha kuzidiwa kwa kilo 80, ingawa kwenye tangazo bado lina uwezo wa kuvuta wa kubakiza.

Matokeo yake ni breki dhaifu, pua ya gari kuinuka na usukani kuwa mwepesi. Mtu asijaribu kujiponya kwa kuhamishia mizigo nyuma ya karavani ili shingo iwe nyepesi. Karavani yenye mkia mzito huanza kuyumba kama mkia wa samaki, na mwendo ukizidi huweza kulipindua gari lenyewe. Mizigo mizito ikae mbele kidogo ya ekseli, chini, na isambazwe pande zote mbili.

Breki nazo ziandikwe. Majimbo mengi hudai karavani nzito iwe na breki zake yenyewe, na dereva awe na kifaa cha kuziongoza akiwa kwenye kiti. Kuna pia waya mwembamba unaotoka kwenye karavani na kufungwa kwenye gari. Karavani ikichomoka, waya huo huvuta swichi na kufunga breki za karavani. Ufungwe kwenye gari lenyewe, usifungwe kwenye kiungio wala kwenye minyororo, kwa maana kiungio kikitoka na waya hautafanya kazi. Minyororo ya usalama ipishanishwe chini ya shingo.

MATAIRI HUZEEKA YAKIWA YAMESIMAMA

Tairi la lori huisha kwa kutembea. Tairi la karavani huisha kwa kukaa juani. Linaweza kuwa na meno mapya na likapasuka siku ya safari.

Umri wake umeandikwa ubavuni. Tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Zikisomeka 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likifika miaka mitano au sita, lipangiwe bajeti ya kubadilishwa hata kama linaonekana zima. Anayenunua karavani ya mtumba asome tarakimu hizo kabla ya kupatana bei, kwa sababu matairi manne mapya ni hoja nzito mezani.

Upepo ujazwe asubuhi matairi yakiwa baridi, kwa kipimo kilichobandikwa kwenye karavani. Matairi mengi ya aina hii yametengenezwa kwa mwendo usiozidi kilomita 105 kwa saa, isipokuwa yawe yameandikwa vingine. Nati za magurudumu mapya zikazwe tena baada ya kilomita 80 hivi za kwanza, na beringi zipakwe grisi kwa ratiba ya kiwanda. Kila kimoja kiandikiwe tarehe.

ADUI NI MAJI

Karavani nyingi hujengwa kwa mbao nyembamba, sponji ngumu na karatasi za plastiki ya nyuzi au bati jepesi. Maji yakiingia katika ukuta wa namna hiyo hayaonekani kwa miezi. Yanapoonekana, mbao zimekwisha kuoza na gharama ya matengenezo inaweza kuzidi thamani ya karavani.

Yanaingilia wapi? Kwenye paa, pale kwenye maungio, kwenye vitundu vya hewa, kwenye kona na kuzunguka madirisha. Gundi ya kuzibia hukauka na kupasuka kwa jua. Mwenye karavani apande ngazi kila baada ya miezi mitatu, akague, na azibe kwa gundi inayofaa aina ya paa lake. Viwanda vingi hukataa madai ya dhamana kama mwenyewe hana kumbukumbu za ukaguzi huo. Daftari tena.

Kwa mnunuzi wa mtumba, pua ni mkaguzi mzuri. Harufu ya uvundo ina maana. Bonyeza sakafu kwa mguu kwenye kona, karibu na choo na chini ya madirisha. Ikibonyea, toka. Ukuta wa nje uliovimba kama mandazi nao ni jibu tosha.

Walioko majimbo ya baridi wana adui wa ziada. Maji yakiganda ndani ya mabomba huyapasua. Kabla ya majira hayo, matangi na chombo cha kuchemshia maji vimwagwe, na mabomba yajazwe dawa maalumu ya kuzuia kuganda, ile isiyo na sumu. Dawa ya rejeta ya gari isitumike kamwe, kwani hiyo ni sumu.

MTUMBA WENYE HISTORIA

Tumesema mtumba ni bora kwa mfuko. Lakini mtumba una historia, na si kila historia husimuliwa.

Baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, serikali ya Marekani iliwahifadhi maelfu ya watu katika karavani. Wakazi walilalamika macho kuwasha na kifua kubana. Mwaka 2008 kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa kilitangaza kwamba vipimo vilionyesha hewa ya ndani ya nyingi kati yake ilikuwa na kiwango cha juu cha formaldehyde, kemikali inayotoka kwenye gundi ya mbao. Hata hivyo, mwaka 2010 karavani hizo ziliuzwa kwa mnada kwa bei ya chini, zikiwa na kibandiko kwamba zisitumike kama makazi. Kibandiko hubanduka. Zingine zilifika mikononi mwa watu waliozitumia kama nyumba.

Funzo lake halijapita wakati. Bei ikiwa ya chini mno, uliza kwa nini. Omba hati ya umiliki, linganisha namba ya hati na namba iliyogongwa kwenye chombo, na hakikisha hakuna benki inayodai. Kama hati inaonyesha chombo kilipata mafuriko, bei yoyote ni kubwa. Wapo wakaguzi wa kujitegemea wanaolipwa na mnunuzi. Fedha ya kumlipa mkaguzi ni kidogo ukiilinganisha na fedha ya kujenga ukuta upya.

SIKU YA KUKABIDHIWA

Hata karavani mpya haipaswi kupokelewa kwa kupeana mikono tu. Mnunuzi adai saa tatu nzima. Kila kitu kiwashwe mbele yake: jiko, friji kwa gesi na kwa umeme, kiyoyozi, taa, pampu ya maji. Bomba zote zifunguliwe na chini ya sinki pashikwe kwa mkono mkavu. Kitako cha karavani kikaguliwe. Kasoro ziandikwe, muuzaji asaini, na fedha ya mwisho isitoke kabla kasoro hazijarekebishwa. Baada ya hapo mnunuzi hana tena silaha kubwa. Dhamana ya kiwanda mara nyingi ni ya mwaka mmoja, na katika majimbo kadhaa sheria zinazowalinda wanunuzi wa magari mabovu haziigusi karavani isiyo na injini.

Akumbuke pia vyombo vya kunusa gesi na moshi. Vina tarehe ya mwisho iliyoandikwa nyuma. Jiko la gesi lisitumike kupashia joto chumba cha kulala, hata usiku wa baridi ya namna gani.

Safari ya kwanza iwe fupi, karibu na nyumbani, usiku mbili. Kinachovuja kivujie pale ambapo fundi yupo.

KUKODISHA NA KULETA NYUMBANI

Wapo wanaosema: nitainunua, na siku nisizoitumia nitaikodisha, ijilipie. Yapo makampuni yanayowaunganisha wenye karavani na wapangaji, na wapo wanaopata fedha kwa njia hiyo. Lakini hiyo sasa ni biashara, na ifanywe kama biashara. Bima ya kawaida ya mwenye karavani kwa kawaida hailipi hasara inayotokea ikiwa imekodishwa. Inatakiwa bima nyingine. Mkataba wa mkopo usomwe, kwa maana mwingine hukataza. Mapato hutozwa kodi. Na mpangaji atachakaza karavani kuliko mwenyewe. Anayetegemea kodi ya watu ndiyo ilipe mkopo wa mwezi amekwisha kukosea kabla ya kuanza.

Wengine huwaza mbali zaidi: kuisafirisha hadi Dar es Salaam au Mombasa, watalii walale humo. Tunawaomba wafikiri mara mbili. Mlango wa karavani ya Marekani uko upande wa kulia, kwa kuwa huko hupita kulia na abiria hushukia kando ya barabara. Kwetu tunapita kushoto, na mlango huo utafungukia katikati ya barabara. Umeme wake ni wa volti 120, wetu ni 230 au 240. Vipuri vya friji, jiko na breki viko upande wa pili wa bahari. Na barabara za mbuga zina makorongo ambayo ukuta wa mbao nyembamba haukujengewa. Mtaji huo huo ungejenga banda imara la kulala wageni, lenye hati ya kiwanja chini yake.

Kwa aliyekwisha kupima yote haya na bado anaitaka, tunamtakia heri, na tuna neno la mwisho kuhusu wakati. Wanunuzi hujaa majira ya kuchipua, Machi hadi Mei, na bei huwafuata. Kuanzia Oktoba hadi Januari viwanja vya wauzaji hupoa, na wenye karavani binafsi hawataki kulipia maegesho msimu mwingine. Aende wakati huo, akiwa na daftari, tochi na ngazi. Muuzaji akimwambia kwamba leo ndiyo siku ya mwisho ya bei hiyo, amshukuru na arudi nyumbani. Wiki ijayo karavani ile ile huenda ikawa bado iko uwanjani, na itakuwa imechakaa kwa siku saba zaidi.